Kazi za Siku Kavu: Namna ya Kuendelea Kuandika Hadithi Mori Ukikatika

Kuandika hadithi ni kazi sita zilizovaa kanzu moja: kubuni, kupanga, kuandika rasimu, kusoma upya, kusahihisha, na kukusanya maneno na habari. Ya kwanza ndiyo inayotaka mori. Ya tatu inautaka kidogo. Zilizobaki zinafanyika hata siku ambayo kichwa ni kizito kama gunia la chumvi. Anayesema "leo hakuna kitu" mara nyingi amejaribu kubuni, kumegoma, akafunga daftari. Hizo nyingine hakuzigusa.

Maelezo haya ni ya anayeandika hadithi fupi, riwaya au hadithi za mfululizo kwa Kiswahili huku ana kazi nyingine inayomlisha. Washairi wana sehemu yao huko chini. Tumechukulia kwamba una saa moja kwa siku, na kwamba umeme unakatika.

Kwanza jua kilichokauka

Ukame wa mwandishi una sababu nne za kawaida, na dawa ya moja haitibu nyingine. Anayekosa habari akijilazimisha kukaa mezani atapoteza jioni tu, na aliyechoka akipewa zoezi la kubuni atachoka zaidi.

Ya kwanza, inayotokea kuliko zote, ni kutojua kinachofuata. Utaitambua hivi: sentensi zinakuja, ila wahusika hawafanyi lolote. Wanaamka, wanapiga mswaki, wanasalimiana na jirani mlangoni, wanakunywa chai. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu hapa, maana maamkizi yetu ni marefu na yanajaza ukurasa bila jasho: shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, habari za huko utokako. Maamkizi yakifika mstari wa sita na hayajafichua ugomvi wala siri yoyote, ujue umeshapotea njia.

Kosa lenyewe kwa kawaida haliko pale kalamu iliposimama. Liko kurasa mbili au tatu nyuma. Rudi ukisoma hadi ufike mahali pa mwisho ambapo mtu alikuwa anataka kitu na mwingine anamzuia. Hapo weka alama. Kisha, kwenye karatasi ya pembeni, jibu maswali matatu, kila moja kwa sentensi moja: Nani anataka nini katika tukio hili? Nani au nini kinamzuia? Tukio likiisha, ni jambo gani haliwezi tena kurudi lilivyokuwa?

Chukua mfano. Mwanaidi amefika Pangani kwa ami yake kudai sehemu yake ya shamba la minazi. Umeandika safari ya basi, mapokezi, chakula cha jioni, na sasa umekwama asubuhi ya pili. Jibu la swali la kwanza lipo. La pili halipo, kwa sababu ami umemfanya mkarimu kupita kiasi na hakuna aliyelitaja shamba tangu mgeni ateremke kwenye basi. Usihangaike kutafuta maneno ya asubuhi ya pili. Rudi kwenye chakula cha jioni, umfanye ami aseme, huku akimwongezea mgeni wali, kwamba nazi za mwaka huu zote zimeshauzwa. Sasa kuna aliyesikia na kunyamaza, kuna usiku wa kukosa usingizi, na asubuhi ya pili ina la kusema.

Ya pili ni kujua kinachofuata na kukiogopa. Hapa utajikuta unasahihisha sura ya kwanza kwa mara ya tisa wakati sura ya saba inakungoja. Mara nyingi tukio linaloogopwa ni zito kweli: kifo, aibu ya ukoo, jambo ambalo shangazi atalisoma na kujiona. Liandike nje ya muswada, kwa mkono, juu yake uandike "halichapishwi". Weka dakika 20 na usifute neno. Ukimaliza, lifungie siku tatu. Uamuzi wa kulitumia, kulibadilisha majina au kulichana ni wa siku nyingine, na usiuchanganye na kazi ya leo. Kinachowashinda wengi ni kuandika na kuamua kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni kukosa nyenzo. Ishara yake ni sentensi za jumla: "alifuata taratibu zote zinazotakiwa", "walivua samaki usiku kucha". Mwandishi hajui taratibu zenyewe ni zipi, wala wavuvi wale walibeba nyavu, mishipi au dema. Andika maswali matano, si hamsini, umtafute anayejua: karani wa mahakama, mvuvi, fundi cherehani, mkunga. Muulize mambo ya mikono. Unashika nini kwanza? Kipi huharibika mara nyingi? Anayeanza kazi hii hukosea wapi? Hilo la mwisho huzaa tukio karibu kila mara, maana ndani yake kuna mtu anayejaribu na kushindwa mbele ya wenzake. Usimuulize "niambie kuhusu kazi yako". Utapewa hotuba.

Ya nne ni mwili. Umelala kwa saa nne tu, umepanda magari mawili kurudi nyumbani, mtoto ana homa. Lala. Kesho fanya kazi nyepesi kati ya zile zilizotajwa hapa chini. Na kama usingizi, hamu ya kula na hamu ya mambo uliyoyapenda vimepotea kwa wiki mbili mfululizo, hilo si suala la uandishi tena, muone daktari.

Kiwango kinachofikika siku mbaya

Mashauri mengi ya uandishi yaliyozagaa yametoka kwenye Kiingereza, na ndani yake kuna hesabu ya maneno 1,000 au 2,000 kwa siku. Usiibebe kama ilivyo. "Hatutawaandikia" ni neno moja kwetu. Mwingereza angelipasua kuwa sita. Maneno 300 ya Kiswahili yanabeba mzigo mkubwa kuliko 300 ya Kiingereza, na mwandishi anayejilinganisha na namba za wenzake anajihisi mvivu bure.

Kwa mtu mwenye saa moja, viwango viwili vinatosha: 300 siku ya kawaida, 100 siku kavu. Mia moja ni aya moja nene, kama nusu ya ukurasa wa kaunta buku kwa mwandiko wa wastani. Uzuri wa 100 ni kwamba unaweza kuziandika umesimama kwenye foleni ya benki. Ukishika 300 kwa siku tano za wiki, una 1,500 kwa wiki, na riwaya ya maneno 45,000 inapata rasimu yake ya kwanza baada ya wiki 30. Siku kavu zikiwa nyingi itakuwa wiki 40.

Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza katika karne ya 19, aliweka saa mezani na kujidai maneno 250 kila robo saa. Watu hupenda kuisimulia kasi hiyo, nasi tunaona kitu cha kuiga kwake ni kingine: daftari alilojaza kurasa alizoandika kila siku, ili wiki ya uvivu imkodolee macho. Tengeneza la kwako. Safu tatu zinatosha: tarehe, idadi ya maneno, na neno moja la sababu kama idadi ni ndogo ("umeme", "msiba", "woga", "sijui"). Baada ya mwezi soma safu ya tatu peke yake. Ukikuta "sijui" mara nane, tatizo lako ni mpango wa hadithi. Ukikuta "simu" mara nane, unajua la kufanya, na si lazima tuliandike.

Muda: dakika 25 za kazi, tano za kupumzika, mara mbili. Zima data kabisa, usiishie kugeuza simu kifudifudi. Kama unaandikia kwenye simu yenyewe, tumia programu ya kuandika isiyohitaji intaneti, na ukimaliza jitumie nakala. Simu huibwa na kompyuta huanguka. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani isiyo na betri huondoka na kila kitu ambacho hakijahifadhiwa. Hifadhi kila mwisho wa aya mpaka kidole kizoee.

Acha daraja

Ujanja unaookoa siku nyingi kuliko wowote hufanyika siku njema, wala si siku kavu. Usiandike hadi ukauke. Simama ukiwa bado unajua sentensi mbili au tatu zinazofuata, kisha, kabla ya kufunga, andika mistari mitatu chini ya ukurasa:

Yuko wapi sasa: "Mwanaidi yuko kisimani, ndoo imejaa nusu."
Anataka nini dakika hii: "Kumuuliza mke wa ami nani alinunua nazi."
Sentensi ya kwanza ya kesho, hata ikiwa mbaya: "Mke wa ami alicheka kabla ya kujibu."

Kesho ukifika usisome sura nzima tangu mwanzo. Soma aya ya mwisho na mistari hiyo mitatu tu, halafu anza. Anayeanza kila siku kwa kusoma toka ukurasa wa kwanza atakuwa na kurasa kumi zilizong'arishwa kama shaba na hadithi isiyosogea.

Ukikosa jina, bei, tarehe au neno katikati ya sentensi, usiamke kwenda kulitafuta. Weka xx na uendelee: "Alimlipa xx kwa siku", "wakapanda basi la kwenda xx". Alfabeti yetu haina herufi x, hivyo ukija kutafuta "xx" kwenye kompyuta utaletewa mapengo yako matupu, bila neno hata moja la bahati mbaya. Wanaotumia nukta tatu au nyota hujikuta wakichambua muswada mzima. Kutafuta habari katikati ya rasimu kunaua jioni nyingi: unaingia mtandaoni kuuliza nauli ya Tanga mwaka 1985, unatoka saa moja baadaye ukijua mambo yote isipokuwa nauli.

Kazi zenyewe za siku kavu

Ziandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya jalada la daftari, kwa sababu siku kavu hata kuchagua kazi ni kazi. Hizi ndizo tunazoziona zinalipa.

*Jedwali la kuitana.* Hii inafaa kuliko zote kwa hadithi ya Kiswahili. Orodhesha wahusika wako wakuu, halafu andika kila mmoja anamwitaje kila mwingine. Wahusika sita wanakupa njia 30 za kuitana, kwa kuwa A anavyomwita B sivyo B anavyomwita A. Nani anampa nani shikamoo? Nani humwita mumewe "Baba Asha" mbele za watu, na jina lake tupu wakiwa wawili? Nani anasema "shemeji" kwa heshima, na nani kwa utani unaokaribia kuvuka mpaka? Kijana wa Dar es Salaam atasema "sasa hivi" pale wa Nairobi anaposema "saa hii", na bibi wa Mombasa atasema "yuwaja" pale wa bara anaposema "anakuja". Ukimaliza jedwali, tafuta mahali katika hadithi ambapo mwito unabadilika. Siku mkwe anapoacha kusema "mama" na kusema "Bi Zuhura", tukio limeshatokea, hata kama hujaliandika. Jedwali la jioni moja hutoa matukio mawili au matatu ya namna hiyo, na mengine huwa ndiyo yaliyokuwa yanakosekana.

*Msako wa -ka-.* Chapisha au fungua kurasa tano za rasimu, upigie mstari kila kitenzi chenye -ka- ya masimulizi. "Aliamka, akavaa, akatoka, akapanda daladala, akashuka Kariakoo." Kiambishi hiki ni farasi mzuri, lakini zikifuatana tano bila kuingiliwa na kauli ya mtu, kitu kinachoonekana au wazo, una orodha ya mwendo ambayo msomaji angeiruka. Kwa kawaida ya kwanza na ya mwisho zinatosha: "Saa mbili alishakuwa Kariakoo." Angalia pia mahali ulipohama bila sababu kutoka -li- na -ka- kwenda -na-, kosa linalotokea hasa pale ulipoacha kuandika siku moja na kuendelea siku nyingine. Kurasa tano ni kama dakika 30. Usifanye zaidi, macho yatachoka na utaanza kukata vyenye uhai.

*Kusoma kwa sauti.* Kurasa nne au tano, umesimama, kwa mwendo wa mtangazaji wa redio. Pumzi ikikuishia kabla ya nukta, weka alama. Ulimi ukijikwaa, weka alama. Usisahihishe papo hapo. Ukiweza jirekodi kwenye simu, usikilize kesho ukiwa safarini. Mazungumzo yaliyoandikwa kwa lugha ya barua za ofisini yatajitangaza yenyewe: hakuna mama anayemwambia mwanawe "nilikuwa ninapenda kukufahamisha kwamba chakula kipo tayari".

*Kalenda ya hadithi.* Andika kila tukio na tarehe yake, umri wa kila mhusika, na hali ya hewa. Pwani, masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na upepo wa kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Jahazi lako lisifike Lamu likitokea Arabuni mwezi wa Julai kwa upepo ambao haupo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani inatembea: mwaka 2010 ilianza Agosti, na mwaka 2000 Idi ya Fitri iliangukia Januari, ikaangukia tena Desemba. Kama hadithi ina miaka halisi, hakikisha. Wasomaji wetu huyashika makosa haya haraka kuliko kosa la sarufi.

*Kusikiliza.* Nusu saa sokoni, kijiweni au kwenye daladala, halafu sentensi kumi ulizozisikia, neno kwa neno, bila majina ya waliozisema. Usiandike maoni yako ("alionekana mwenye majonzi"). Andika kilichosemwa na mikono ilikuwa inafanya nini. Matangazo ya magazetini nayo ni ghala ambalo wengi hulipita: hati ya kiwanja iliyopotea, maombi ya kusimamia mirathi, mtu anayetangaza kubadilisha jina. Gazeti Rasmi la Kenya lina mengi ya aina hiyo. Chukua hali, acha watu.

*Kanga na methali.* Chagua jina la kanga, tuseme "Hasidi hana sababu", ujibu: nani kaivaa, kaivaa siku gani, alitaka nani aisome, na aliyeisoma siye aliyekusudiwa ni nani? Swali la mwisho ndilo lenye hadithi. Methali nazo zinafaa zikipindishwa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe": basi, mgeni wa siku ya tatu akalikataa jembe, na ana sababu. Ukiitumia methali kuthibitisha alichosema mhusika, umepata mapambo. Ukiitumia kumbana, umepata tukio. Maneno 100 kwa kila zoezi, usizidishe, na usiyaite "hadithi mpya" hadi ile ya zamani iishe. Hapa ndipo wengi wanapopotelea: zoezi linanoga, muswada wa zamani unatupwa kapuni, na baada ya mwaka mtu ana mianzo kumi na mbili bila mwisho hata mmoja.

Mshairi wa arudhi

Mshairi wa arudhi, yaani anayefuata vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi), ana bahati ambayo mwandishi wa riwaya hana: sehemu kubwa ya kazi yake inahesabika, na kinachohesabika kinafanyika bila mori.

Tarbia ya kawaida ina mishororo (mistari) minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili). "Kalamu nimeishika, karatasi i mezani": hesabu kwa vidole, nane na nane, kina cha kati -ka, cha mwisho -ni. Kumbuka "mtu" ni mizani mbili na "mwana" ni mbili pia. Anayekosea hapo hukosea shairi zima.

Sasa piga hesabu ya maneno utakayohitaji. Shairi la mtiririko (vina vyake havibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho) la beti saba, lenye kibwagizo, yaani mshororo mmoja wa kufungia kila ubeti, kinachorudiwa na kinachofuata vina vilevile, linataka maneno 21 ya kina cha kati kwa mishororo ya kawaida (mitatu mara saba), na moja la kibwagizo: 22. Ya kina cha mwisho, 22 vilevile. Siku kavu, kazi yako ni kukusanya hayo 44, au tuseme 60 ili uwe na ya kutupa. Gawa ukurasa safu mbili ujaze. Kina cha -ni ni rahisi hadi kinachosha, kwa kuwa kila mahali panapokea -ni: mezani, njiani, moyoni. Shairi lililojaa -ni za mahali tu husikika kama ratiba ya basi, hivyo changanya na maneno ambayo -ni ni yake ya asili: jirani, amani, thamani, utani. Vina vya -sha na -ka hulishwa na vitenzi. Ukichagua -fu au -zo, hakikisha una angalau maneno 15 mkononi kabla ya kuandika ubeti wa kwanza, la sivyo utafika wa nne na kuanza kukata maneno kwa panga ili yaingie.

Kosa kubwa la siku kavu kwa mshairi ni kuanza na ubeti wa kwanza. Anza na kibwagizo. Ni mshororo mmoja, una mizani 16, na ukiupata una shairi. Ukikosa, umepoteza dakika 20 tu.

Wenye mfululizo

Wanaotoa hadithi kwa sehemu, iwe gazetini au kwa makundi ya simu, hawana anasa ya kukauka, na kinachowaangusha ni hesabu mbovu. Sehemu moja ya maneno 800, mara tatu kwa wiki, ni 2,400. Ukiandika 300 kwa siku sita una 1,800. Kila wiki unadaiwa 600, na deni hilo litakukuta siku ya msiba. Toa mara mbili: 1,600. Unabaki na ziada ya 200 kwa wiki, yaani sehemu moja ya akiba kila wiki nne.

Usitangaze sehemu ya kwanza kabla ya kuwa na sita zimekamilika kabatini. Kwa 300 kwa siku, hizo ni siku 16 za kazi. Akiba ikishuka hadi mbili, waambie wasomaji mapema kwamba wiki ijayo kuna sehemu moja. Watanung'unika kidogo na kusubiri. Wasichosamehe ni ukimya wa mwezi, halafu sehemu iliyoandikwa kwa pupa ambamo marehemu wa sehemu ya tisa anapika pilau. Kwa sababu hiyo weka ukurasa mmoja wa kumbukumbu: waliokufa, waliosafiri, wanaojua siri na wasioijua. Uongeze mistari miwili kila sehemu inapotoka. Hiyo nayo ni kazi ya siku kavu.

Jambo jingine kwao: msiwasimulie marafiki kitakachotokea. Hadithi iliyokwishatolewa mdomoni, ikapigiwa makofi, mara nyingi hukataa kuandikwa. Ukibanwa na hamu ya kusema, waulize swali badala ya kuwapa jibu: "Mngekuwa ninyi mngemwambia ami?"

Kurudi baada ya miezi

Ukiwa umeuacha muswada kwa miezi mitatu au zaidi, usirudi kwa kuandika. Siku ya kwanza usome wote bila kalamu mkononi, kama kitabu cha mtu mwingine. Siku ya pili andika muhtasari, sentensi moja kwa kila sura. Sura isiyokubali sentensi moja ina matukio mawili yanayogombana au haina hata moja. Siku ya tatu tafuta "xx" zote, uzijaze zile unazozijua. Siku ya nne andika maneno 100 ya tukio lolote la mbele unalolitamani, hata kama ni la mwisho wa kitabu. Si lazima uanzie pale ulipoachia. Kama ni kwa mkono, liandike kwenye karatasi moja moja ili uweze kulisogeza. Kama una tarehe ya kukulazimisha, itumie: shindano lenye siku ya mwisho iliyotangazwa, kwa mfano Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, au ahadi kwa msomaji mmoja kwamba Ijumaa saa kumi jioni utampelekea sura. Mchague msomaji atakayekuuliza Ijumaa saa kumi na moja iko wapi.